Kizimba cha Mama wa Nazi

Makambako tunajisifu kwamba hatuna ubaguzi. Ukimuuliza mtu yeyote wa mtaa wetu atakuhesabia makabila kwa vidole: yupo Mkinga wa duka la vifaa vya ujenzi, Mhehe wa bucha, Mchaga wa baa, Msukuma wa mashine ya kukoboa, Mpangwa fundi viatu, na sisi Wabena wenyeji, ambao kazi yetu kubwa ni kuwahesabu wenzetu. Atakuambia tunaishi kama ndugu. Mimi nimekaa ndani ya undugu huo zaidi ya miaka ishirini, kwanza nikiwa mwalimu wa shule ya msingi na sasa nikiwa mstaafu mwenye viazi na miti michache ya parachichi, na nataka kueleza jinsi undugu huo ulivyomnyang'anya mwanamke mmoja mahali pake pa kuuzia bila mtu hata mmoja kupandisha sauti. Nilikuwemo. Sehemu yangu ilikuwa kubwa kuliko ya wengi, na sitaki kuhurumiwa.

Mwanamke huyo alitoka Masasi. Alikuja na mume dereva wa lori, mume akaendelea na safari zake mpaka akasahau kurudi, naye akabaki na chumba cha kupanga na meza ya mbao kando ya barabara ya kuelekea Njombe. Aliuza nazi, dagaa wakavu na viungo. Tulimwita mama wa nazi. Alikaa miaka tisa katikati yetu na sikuwahi kumsikia mtu akimuuliza jina lake.

Mwanzoni nazi zake tulizicheka. Tulisema chakula cha nazi kinalegeza magoti, hakimfai mtu wa baridi, na kwamba watu wa Kusini wangekuwa wachapakazi kama wangekula ugali mkavu kama sisi. Hayo tuliyasema tukiwa tumekaa tunakunywa ulanzi, pombe yetu ya mianzi, tangu saa nne asubuhi, kwa hiyo ushahidi wetu kuhusu uchapakazi ulikuwa mkubwa. Kisha mtu mmoja akamwoza binti yake, akampa yule mama kazi ya kupika pilau, na kuanzia siku hiyo hakuna harusi, kipaimara wala ubatizo wa mtaa wetu uliofanyika bila yeye. Tulikula pilau yake miaka saba. Kwenye misiba alikuja kabla ya wengi wa usharika wetu, akakaa na wanawake kuchambua maharage, akaondoka wa mwisho. Alikuwa Mwislamu, na jambo hilo tulilitaja kila mara kwa sauti ya watu wanaojipongeza kwa kumvumilia mtu ambaye hajawahi kuwaudhi.

Ndipo mji ukajenga soko jipya. Ilisemwa kwamba wote wanaouza kando ya barabara watahamishwa, na kila mwenye meza atapewa kizimba chini ya paa, chenye namba yake. Barua ikaletwa kwa mwenyekiti wa mtaa: wahusika wapeleke majina na picha ndogo mbili ofisini kwake kabla ya Alhamisi jioni. Atakayechelewa ahesabike kwamba hahitaji. Kila aliyekuwa na akili aliona pia lile ambalo barua haikulisema, kwamba vizimba ni vichache kuliko meza.

Mwenyekiti wetu ni mtu mnene, mpole, mwenye tabasamu la kudumu, na sijapata kumwona akifanya jambo ambalo lingeweza kufanywa na mwingine. Alipaswa kupita mtaani na kile kipaza sauti cha mkononi. Kipaza sauti hicho, kama kila mtu alivyojua, mkwewe alikuwa anakitumia kwenye kibanda chake cha kuonyeshea mpira. Alipaswa kubandika tangazo mlangoni pa ofisi. Akalibandika kweli, upande wa ndani. Kisha Jumamosi jioni akaja kwangu na nakala ya barua imekunjwa mara nne, akakaa, akanywa chai, akasema, "Mwalimu, utatusaidia kulisoma kesho ibadani. Pale ndipo watu wote walipo."

Hilo ndilo kosa letu, na sidhani kama kuna watu wengine duniani wanaoweza kulifanya kwa dhamiri safi kama sisi. Tumelelewa hivyo. Kwa babu zetu, jambo likishatangazwa kanisani baada ya ibada, limetangazwa. Mbuzi akipotea, chanjo ikija, daraja likivunjika, mzee wa kanisa anasimama na karatasi anasoma, na kijiji kizima kinajua kwa sababu kijiji kizima kimekaa kwenye mabenchi. Kijiji kikageuka mji, njia panda ya mabasi na malori na reli, wakaja watu wa kila dini na wasio na dini, nasi tukaendelea kuamini kwamba watu wote wapo pale. Asiyekuwepo si kwamba hakuambiwa. Ni kwamba si mtu.

Mimi nilikuwa msomaji wa matangazo. Nilisoma vizuri, na nilijua kwamba nasoma vizuri.

Mwenyekiti alipoondoka, mke wangu, aliyekuwa anapiga pasi shati langu, aliuliza bila kuinua kichwa, "Hivyo vizimba vyenyewe vinatosha watu wote?"

"Havitoshi," nikasema.

"Basi na wewe usilisome kama unapiga mnada."

Alikuwa anamfikiria mdogo wake. Shemeji yangu huyo alikuwa ametoka Lupembe alikochoka kuchuma chai, akaja kukaa kwetu, akatandaza mitumba kando ya barabara kwa miezi miwili, akachoka pia. Wakati huo hakuwa na meza wala turubai. Lakini jina alikuwa nalo, na picha ndogo mbili si kazi. Mke wangu hakusema zaidi ya hapo, nami sikumwomba aseme. Wanandoa waliozoeana hawahitaji maneno mengi kutenda uovu.

Jumapili hiyo ilikuwa ya kipaimara. Kanisa lilijaa mpaka milangoni, mabinti wamevaa nyeupe, wavulana wamevaa makoti ya kaka zao. Nyuma ya kanisa, kwenye jiko la wazi, mama wa nazi alikuwa ameinjika masufuria mawili makubwa ya pilau ya wageni. Vipaza sauti vyetu viwili vimefungwa ukutani kwa nje. Tulivifunga huko kwa makusudi ili stendi nzima isikie neno.

Nilisimama kwenye zamu yangu. Nilitangaza mazoezi ya kwaya ya vijana, Jumanne. Nilitangaza funguo zilizookotwa chooni. Nilitangaza mbuzi wa mzee mmoja wa ng'ambo ya reli, mweusi, mwenye kamba ya katani shingoni. Dirisha la kushoto lilikuwa wazi na kupitia hapo nilimwona. Alikuwa amejifunga kitenge kiunoni, mwiko mkononi, moshi unampiga usoni, na kila nilipoanza tangazo jipya aliacha kukoroga kidogo, akatega sikio, kama mtu anayesikiliza redio akiwa kazini. Ile karatasi iliyokunjwa mara nne ikafuata.

Nikasema kwamba tangazo linalofuata nitalisoma kwa Kibena, kwa heshima ya bibi zetu waliokaa mbele.

Bibi zetu waliokaa mbele wanajua Kiswahili kuliko mwenyekiti. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na meza barabarani. Lakini walifurahi sana kukumbukwa, wakaitikia kwa vichwa, na mimi nikatafsiri barua ya mji neno kwa neno, picha ndogo mbili, Alhamisi jioni, kwa Kibena safi cha baba yangu, polepole, kwa sauti ya kupendeza. Wakinga wawili watatu waliokuwemo waliwageukia majirani zao wakanong'onezwa. Nilipotazama tena dirishani yule mama alikuwa ameinamia sufuria. Hakuona sababu ya kusikiliza tangazo la watu wengine.

Nimejiambia mara nyingi kwamba sikupanga. Ni kweli kwamba sikupanga nikiwa nyumbani. Nilipanga pale pale, kwa muda wa kukunjua karatasi, na hilo linaonyesha kwamba nilikuwa tayari siku zote.

Baadaye ukafanyika mnada wa sadaka nje ya kanisa. Jogoo mmoja alinunuliwa na kurudishwa na kununuliwa tena mara tatu, kila mnunuzi akitaka aonekane ametoa, na mchungaji akasema kwamba huo ndio upendo. Kisha tukala. Pilau ilikuwa nzuri kama kawaida. Nilirudia sahani.

Jumatatu mpaka Alhamisi ofisi ya mwenyekiti ilijaa watu wa usharika wetu, picha ndogo mikononi, wakitaniana. Mkinga wa vifaa vya ujenzi aliandikisha mpwa wake wa Matamba ambaye hata hakuwa amehamia Makambako. Wahehe waliambiana. Wapangwa waliambiana. Sikumsikia mtu akisema, twende tukamwambie na yule. Kila jina ambalo halikuandikwa lilikuwa nafasi ya mtu mwingine, na hesabu hiyo watu wetu waliifanya vizuri kuliko wanafunzi wangu wote niliowafundisha hesabu. Hakuna aliyemchukia. Ningeona nafuu kama wangemchukia, maana chuki ingehitaji angalau wamfikirie.

Jumatano nilipita mezani kwake kununua nazi. Mke wangu alikuwa ameniagiza nazi, nami nikaenda bila hata kusita. Alichukua moja, akaigonga kwa kucha, akaisikiliza, akairudisha, akachukua nyingine.

"Mwalimu," akasema, "naona watu wanapishana kwenda kupiga picha. Kuna nini, uchaguzi?"

Habari nilikuwa nayo mdomoni. Siku moja nzima ilikuwa bado imebaki, na studio ya picha ilikuwa hatua hamsini kutoka mezani pake.

"Mambo ya kanisani," nikamjibu.

"Haya, Mungu awasaidie," akasema, akanichagulia nazi yenye maji mengi.

Wiki iliyofuata mgambo walisafisha barabara. Walifanya kazi yao asubuhi, bila matusi, na watu wetu walihama wakiimba. Mama wa nazi alipakia meza na magunia yake kwenye mkokoteni, akafika soko jipya, akasimama kwenye foleni. Karani akapitia orodha kwa kidole, akaipitia tena, akamwambia hayumo. Akamwambia asogee pembeni ampishe mwenye kizimba cha karibu na lango. Mwenye kizimba cha karibu na lango alikuwa shemeji yangu, ambaye hakuwa na kitu cha kuweka juu yake, akaweka mkoba wake.

Yule mama hakupiga kelele. Alirudi na mkokoteni, akaenda kwa mwenyekiti, mwenyekiti akatabasamu akamwambia alete suala lake kwenye mkutano wa mtaa. Mkutano ulifanyika Jumamosi alasiri uani kwa ofisi. Tulikuwa watu kama arobaini kwenye mabenchi, tumejikunyata na makoti yetu, ukungu umeshuka mpaka kwenye mabati. Zaidi ya nusu yetu tulikuwa kanisani Jumapili ile. Mimi nilikaa mstari wa mbele, kwa sababu huwa nakaa mstari wa mbele.

Alisimama, akasalimia wazee kwanza, kisha wengine. Akasema ameuza barabara ile miaka tisa, na wote tunamjua. Akauliza kwa nini hakuambiwa.

"Tangazo lilitolewa hadharani, mama," mwenyekiti akasema.

"Hadharani wapi, mwenyekiti?"

"Usharikani. Na vipaza sauti vya pale vinasikika mpaka stendi. Hakuna anayeweza kusema hakusikia."

"Ni kweli vinasikika," akasema. "Mimi siku ile nilikuwa nyuma ya kanisa, nawapikia. Niliyasikia matangazo yote. Kwaya ya vijana wafanye mazoezi Jumanne. Funguo zimeokotwa chooni. Mbuzi mweusi wa mzee wa ng'ambo ya reli, ana kamba ya katani. Moja tu ndilo sikulielewa, lilisomwa kwa Kibena." Akanigeukia. Hakuwa na hasira, na mpaka leo nadhani hakuwa na wasiwasi na mimi hata kidogo. "Mwalimu, naomba unisaidie. Lile la Kibena lilikuwa linahusu nini?"

Mchungaji huwa anasema kwamba mtu hupewa nafasi ya kutubu, na mimi nilikuwa nimewahubiria watoto wa shule ya Jumapili jambo hilo hilo kwa miaka mingi. Nafasi yenyewe ndiyo hiyo ilikuwa imesimama mbele yangu imevaa sweta la kijani. Ningesema maneno manne tu. Mwenyekiti angelazimika kuandika upya kwa ofisi ya mji, shemeji yangu angeondoa mkoba wake, na mimi ningeaibika kwa wiki mbili, tatu.

"Zilikuwa salamu," nikasema. "Salamu za wazee wa Lupembe kwa bibi zetu."

Karani wa mtaa akaandika. Niligeuza shingo kidogo kuwatazama wenzangu. Mmoja alikuwa anakwangua tope kwenye buti kwa kijiti. Mwingine alikuwa anatafuta kitu mfukoni ambacho hakikuwemo. Fundi viatu alinitazama usoni moja kwa moja, akatabasamu kidogo, tabasamu la mtu aliyekuta bidhaa anayoifahamu dukani kwa mwingine. Wote walijua.

"Basi umesikia, mama," mwenyekiti akasema. "La vizimba nalo lilisomwa, ila wewe ulikuwa unakoroga sufuria. Makelele ya jikoni hayo."

Watu wakacheka, kicheko cha nafuu.

"Nimesikia," akasema. "Nisameheni kwa kuwachelewesha." Akakaa mpaka mwisho wa mkutano, maana alikuwa na adabu, akasikiliza suala la takataka na suala la mbwa. Kabla ya mwezi kwisha alikuwa amehama. Mmoja wetu alisema watu wa Kusini hawana uvumilivu.

Miaka miwili ikapita. Shemeji alichoka na kizimba pia, akampangisha mtu, akarudi Lupembe. Nilikwenda Njombe kupimwa macho, na kwa kuwa daktari alichelewa nilishuka sokoni kununua dagaa. Nilipita mafungu ya viazi, nikakunja kona, nikamkuta. Alikuwa na meza pana kuliko ile ya zamani, nazi zimepangwa vizuri, dagaa wa aina tatu. Alikuwa anabishana na bibi mmoja wa Uwemba kuhusu ukubwa wa kipimo. Walikuwa wanabishana kwa Kibena. Kibena chake kilikuwa cha polepole, kina lafudhi ya kwao Masasi, lakini hakikukosa neno, na bibi alikuwa anashindwa.

Ningeweza kupita. Nilisimama kwa sababu alikuwa ameshaniona.

"Shikamoo, mwalimu," akasema kwa Kiswahili. "Hamjambo Makambako? Mama hajambo?"

Nikajibu kwamba hatujambo. Alinipimia dagaa, akawachambua wale waliovunjika akawatoa. Nilitaka anitukane nilipe niondoke. Alipokuwa anafunga mfuko nikamuuliza amejifunza lini Kibena.

"Nilianza siku ile ya mkutano," akasema. "Nilipotoka pale nilipitia kwa bibi mmoja wa wale wanaokaa mbele kanisani. Nikamwomba anirudie lile tangazo, neno moja moja, aniambie na maana yake. Alikuwa amelishika lote. Alifurahi sana, aliniambia ulilisoma kwa ajili yao."

Mikono yake ilikuwa inafunga fundo la mfuko. Yangu ilikuwa imeshika ukingo wa meza.

"Sasa ulipojua," nikasema, "mbona hukurudi ukawaambia watu?"

Alinitazama kama mtu anavyomtazama mtu mzima aliyeuliza swali la kitoto.

"Watu gani, mwalimu?" akasema. "Si walikuwepo wote pale?"

Akanikabidhi mfuko. Nyuma yangu alikuwa amesimama mteja mwingine, na yule mama akanisogeza pembeni kwa mkono, taratibu, ili amhudumie.